MAMA NA HIRIMU: MAFUNZO YA MALEZI KUTOKA KWA KIMA WACHANGA

Wazee husema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii yataja walimu wawili, mama na ulimwengu, nayo yaonya ya kuwa mtoto aliyemkosa mwalimu wa kwanza huangukia mikononi mwa yule wa pili, ambaye hana huruma. Kwa muda mrefu watu waliithibitisha methali hii kwa kuyatazama tu maisha ya jirani zao. Lakini katikati ya karne ya 20 wataalamu wa elimu ya nafsi walianza kuyapima mambo hayo kwa majaribio. Waliuliza: Mama humpa mtoto kitu gani hasa? Je, ni chakula tu, au kuna jambo jingine? Na watoto wa hirimu moja wachezapo pamoja, je, wanapoteza wakati, au wanajifunza jambo ambalo mtu mzima hawezi kuwafundisha? Majibu mengi ya maswali hayo yalipatikana kwanza kwa kima.

Itikadi ya Zamani

Katika nchi za Ulaya na Marekani, wataalamu wengi wa wakati ule walishika ya kuwa mtoto humpenda mama yake kwa sababu ya maziwa. Walisema kwamba mtoto huona njaa, mama huiondoa njaa hiyo, na mwisho mtoto huuzoea uso wa mama kama vile punda amzoeavyo mtu amleteaye majani. Mtaalamu mmoja wa Marekani, John B. Watson, alitoa kitabu mwaka 1928 akiwaonya wazazi wasiwapakate wala kuwabusu watoto wao mara kwa mara, kwa maana wangewaharibu. Hospitali nyingi nazo zilifuata mawazo ya namna hiyo. Mtoto mgonjwa alilazwa peke yake katika kitanda safi, na wazazi waliruhusiwa kumtazama kwa nadra sana.

Mama wa Afrika, ambaye hubeba mtoto mgongoni tangu asubuhi hata jioni, angaliyastaajabia mafundisho hayo. Lakini mazoea si ushahidi, na wataalamu walitaka ushahidi.

Kima wa Madison

Profesa Harry Harlow, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1981, alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, Marekani, mwaka 1930. Kima aliowachunguza ni wa aina iitwayo rhesus, ambao asili yao ni Bara Hindi na nchi nyingine za Asia. Mimba ya kima huyu huchukua miezi mitano na nusu hivi, naye mtoto wake hukua upesi kuliko mtoto wa binadamu. Kwa hiyo mambo ambayo kwa watu yangetaka miaka mingi kuonekana, kwa kima huonekana kwa muda mfupi.

Katika miaka ya 1950 Harlow alitaka kuwa na kima wengi wasio na magonjwa. Kwa ajili hiyo watoto walitengwa na mama zao saa chache tu baada ya kuzaliwa, wakanyweshwa maziwa kwa chupa. Miili yao ilinawiri. Lakini watunzaji waliona jambo la ajabu: watoto hao walivishika kwa nguvu vitambaa vilivyotandikwa chini ya matundu yao, na vitambaa vilipoondolewa ili vifuliwe, walipiga kelele na kuhangaika. Ilionekana ya kuwa nguo laini ina thamani kwa mtoto ingawa haimpi chakula.

Ndipo Harlow alipounda sanamu mbili za mama. Moja ilikuwa ya waya mtupu. Ya pili ilifunikwa kwa kitambaa laini kama cha taulo. Watoto wanane waliwekwa, kila mmoja mahali pake, pamoja na sanamu zote mbili. Kwa watoto wanne chupa ya maziwa ilitiwa katika mama wa nguo, na kwa wanne waliosalia ilitiwa katika mama wa waya. Kama mapenzi yangekuwa ya maziwa, basi wale wanne wa mwisho wangempenda mama wa waya.

Haikuwa hivyo. Watoto wote walishinda na kulala juu ya mama wa nguo. Hata wale walionyonya kwa mama wa waya hawakukaa naye zaidi ya saa moja au mbili katika saa 24. Walimwendea waliposhikwa na njaa, wakanywa, kisha wakarudi kwa mama laini. Tena, mwanasesere wa dubu apigaye ngoma alipoingizwa ndani, watoto walitishika, wakakimbilia kwa mama wa nguo, wakajisugua kwake. Baada ya kutulia, waligeuka kumtazama dubu yule, na wengine walithubutu kumsogelea. Harlow aliyaeleza mambo haya mwaka 1958, alipokuwa rais wa chama cha wataalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, na habari zake zilienea ulimwenguni.

Hapa pana funzo la kwanza. Mama ni zaidi ya kibuyu cha maziwa. Yeye ni mahali pa kukimbilia wakati wa hofu, na ni mahali pa kuanzia safari wakati wa salama. Mtoto mwenye mahali pa kurudi ndiye athubutuye kwenda mbali.

Starehe Peke Yake Haitoshi

Wengine waliposikia habari hizi walidhani ya kuwa kazi imekwisha: mpe mtoto kitu laini na maziwa, naye atakua vyema. Kumbe sivyo. Watoto waliolelewa na sanamu ya nguo walipokuwa wakubwa walionekana kuwa na kasoro. Walijikumbatia wenyewe, walipepesuka mbele na nyuma kwa muda mrefu, na hawakujua kukaa na wenzao wala kujamiiana kama kima wengine. Sanamu ilikuwa imewapa faraja, lakini haikuwa imewajibu. Haikuwasukuma walipouma, haikuwafuata walipopotea, wala haikuwafunza adabu.

Majaribio yaliyofuata yalikuwa makali zaidi. Watoto wengine walifungiwa peke yao kabisa tangu kuzaliwa, bila kumwona kiumbe mwingine ye yote. Waliotolewa baada ya miezi mitatu walipatwa na mshtuko mkubwa, na mmoja wao alikataa kula hata akafa. Lakini waliopona walijifunza kucheza baada ya muda si mrefu. Waliotolewa baada ya miezi sita hawakucheza ila kidogo sana. Na waliotolewa baada ya mwaka mzima hawakuweza lo lote. Walijikunyata pembeni, na wenzao walipowashambulia hawakujua kujitetea, hata ikabidi jaribio lisimamishwe. Habari hizi zilitangazwa mwaka 1965. Zilionyesha ya kuwa miezi ya kwanza ya maisha ina uzito usiolingana na urefu wake. Udongo uwahi ungali maji.

Mwalimu wa Pili: Hirimu

Katika maisha ya kawaida, mtoto wa kima hukaa kifuani kwa mama yake majuma ya kwanza. Kisha huanza kutoka kidogo kidogo, akiwatafuta watoto wenzake. Mwanzo huchunguzana tu. Baadaye hukimbizana, hushikana mieleka, na kung'atana bila kuumizana. Mtu apitaye angeweza kudhani ni mchezo mtupu. Kwa kweli hapo ndipo mtoto ajifunzapo kupima nguvu zake. Akiuma sana, mwenzake hulia na kuuacha mchezo, naye hubaki peke yake. Hivyo hujifunza kujizuia. Hujifunza pia kusoma uso wa mwenziwe, kujua ni nani wa kumheshimu, na kupatana baada ya ugomvi.

Ili kujua kazi ya kila mwalimu, wataalamu wa Madison waliwatenganisha walimu hao wawili. Watoto wengine walikaa na mama zao bila kuonana na wenzao kwa miezi minne au minane. Hao walikuwa watulivu kwa mama, lakini walipokutana na wa hirimu yao baadaye, walikuwa na wasiwasi wa kuguswa na wepesi wa kugombana. Upendo wa mama ulikuwa umewapa usalama, lakini haukuwafunza kuishi na walio sawa nao.

Kundi jingine lilikuwa kinyume chake: watoto wasio na mama, waliolelewa pamoja wao kwa wao. Hao walishikana kifua kwa mgongo, wakafuatana kama mabehewa ya garimoshi. Kila mmoja alimfanya mwenzake kuwa mama. Lakini mtoto hawezi kumtuliza mtoto mwenziwe vizuri, kwa kuwa wote wawili wamo katika hofu ile ile. Tena, aliyeshikilia daima hana nafasi ya kucheza. Basi walichelewa kuachana na kuanza michezo, ingawa hatimaye walijua kuishi pamoja kuliko wale waliofungiwa peke yao.

Profesa Stephen Suomi, aliyekuwa mwanafunzi wa Harlow, aliendelea kuwachunguza kima wa namna hii kwa miaka mingi, kwanza Madison na baadaye katika jimbo la Maryland. Aliona ya kuwa kima waliolelewa na hirimu peke yao walipendana sana, lakini walikuwa waoga mbele ya mambo mageni, wepesi wa kufanya mambo bila kufikiri, na walipochanganywa na wale waliolelewa na mama, aghalabu walishika nafasi ya chini katika kundi. Hata damu yao ilionyesha dalili za wasiwasi mwingi walipotengwa na wenzao.

Lakini liko jambo moja la kutia moyo. Watoto waliokuwa na sanamu ya nguo, kisha wakapewa nafasi ya kucheza na wenzao kwa muda wa dakika 20 tu kila siku, walikua karibu sawa na kima wa kawaida. Muda mfupi, lakini wa kila siku, ulitosha kuziba pengo kubwa.

Mama Wasiolelewa

Katika miaka ya 1960 baadhi ya majike waliokulia bila mama wala wenzao walizaa. Hapo ndipo ilipoonekana ya kuwa madhara ya malezi mabaya hayaishii kwa mtoto mmoja. Mama wengine walikaa wakitazama ukuta huku mtoto akilia, wasimpe ziwa. Wengine waliwapiga watoto wao na kuwakandamiza sakafuni. Baadhi ya watoto walikufa, na wengine waliokolewa na watunzaji. Hata hivyo, watoto waliopigwa hawakuacha kumrudia mama. Walisukumwa wakarudi, wakasukumwa tena wakarudi. Yaani mtoto hushikamana na mzazi hata akiwa mkatili, kwa kuwa hana mwingine.

Majike waliopata kuchezacheza na wenzao utotoni walikuwa mama wazuri kuliko wale waliokaa peke yao. Na wengi wa mama wabaya walipopata mtoto wa pili walimtunza vizuri zaidi, kana kwamba yule wa kwanza, kwa kung'ang'ania kwake, alikuwa amewafundisha.

Je, Aliyeharibika Aweza Kutengenezwa?

Kwa muda fulani ilidhaniwa ya kuwa kima aliyefungiwa miezi sita amekwisha kuharibika kabisa. Akikutanishwa na kima wa umri wake, hao humpiga. Mwaka 1972 Harlow na Suomi walitangaza njia nyingine. Walichukua madume wanne waliokuwa wametengwa kwa miezi sita, wakawakutanisha na majike wanne wachanga wa umri wa miezi mitatu. Sababu yao ilikuwa nzuri: mtoto wa umri huo bado hajajua kugombana, lakini anajua kukumbatia.

Siku za kwanza wale waliotengwa walijikunyata pembeni. Watoto wale wadogo waliwafuata, wakawashika. Baada ya majuma machache waliotengwa nao walianza kuwashika wale wadogo, kisha michezo midogo ikaanza. Walipofikia umri wa mwaka mmoja ilikuwa vigumu kuwatambua kati ya kima wa kawaida. Dawa haikuwa adhabu wala mafundisho makali. Ilikuwa mwenzi mpole, asiyechoka, aliye mdogo kiasi cha kutotisha.

Nyani wa Amboseli

Msomaji aweza kusema ya kuwa hayo ni mambo ya matundu, na ya porini ni mengine. Jibu limepatikana katika Kenya yenyewe. Chini ya mlima Kilimanjaro, katika mbuga ya Amboseli, Bwana Stuart Altmann na Bibi Jeanne Altmann walianza kuwachunguza nyani mwaka 1963, na tangu mwaka 1971 kazi hiyo imeendelea bila kukatika. Hapo hakuna mnyama afungiwaye. Watazamaji hutembea na makundi, wakiandika ni nani aliyezaliwa, ni nani mama yake, na ni nani amchanaye nani manyoya.

Mwaka 2003 ilitangazwa ya kuwa watoto wa majike wenye urafiki mwingi na wenzao huishi zaidi kuliko watoto wa majike wapweke. Na mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya kuchunguza maisha ya majike 196. Watafiti walihesabu mashaka sita ya utotoni: kuzaliwa mwaka wa ukame, kufiwa na mama, kuwa na mama wa daraja ya chini, kuwa na mama mpweke, kufuatwa upesi na mdogo wake, na kuzaliwa katika kundi lililosongamana. Waliopatwa na mashaka matatu au zaidi walikufa mapema kwa miaka kama 10 kuliko wale waliopatwa na shaka moja au wasiopatwa na lo lote.

Lakini hata hapa mlango haukufungwa. Mwaka 2023 watafiti wa Amboseli walionyesha ya kuwa majike wenye marafiki wa kweli ukubwani huishi zaidi, hata kama utoto wao ulikuwa wa taabu.

Kutoka kwa Kima Hata kwa Binadamu

Binadamu si kima. Ana lugha, dini, desturi na akili ya kujirekebisha. Kwa hiyo haifai kuchukua matokeo ya tundu na kuyabandika juu ya nyumba ya mtu. Yafaa kuuliza kama watu wenyewe wameonyesha jambo hilo hilo.

Mwaka 1945, vita vilipokwisha, watoto sita wa Kiyahudi wenye umri wa miaka kama mitatu hivi waliletwa Uingereza kutoka kambi ya Terezín, baada ya wazazi wao kuuawa na Wanazi. Bibi Anna Freud na Bibi Sophie Dann waliandika habari zao mwaka 1951. Watoto hao hawakukubali kutenganishwa hata kwa dakika. Mmoja akipewa kitu, kwanza aliuliza wenzake watapata nini. Kwa watu wazima walikuwa wakali mwanzoni, lakini polepole walijifunza kuwapenda pia. Urafiki wao wa hirimu uliwaokoa wasipotee kabisa.

Katika Uganda, Bibi Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, akawatembelea akina mama 26 na watoto wao 28 katika vijiji vya Buganda. Aliona jinsi mtoto atambaavyo mbali na mama, ageukavyo kumtazama, na arudivyo akitishika. Aliona pia ya kuwa mtoto aweza kushikamana na mtu zaidi ya mmoja: baba, bibi, au ndugu mkubwa. Kitabu chake cha mwaka 1967 kilikuwa mmoja wa misingi ya elimu hii. Mkono mmoja haulei mwana.

Na katika Rumania, kuanzia mwaka 2000, watoto 136 waliokuwa katika nyumba za serikali za kulelea watoto mjini Bucharest walifuatwa kwa makini. Nusu yao walipelekwa katika familia za kuwalea. Waliopelekwa wakawa na familia waliendelea vizuri zaidi, hasa wale waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Sababu kama hizi ndizo zilizofanya nchi nyingi, na Kenya ikiwa mojawapo, kukusudia kuwatoa watoto katika nyumba kubwa za mayatima na kuwarudisha kwa jamaa au familia nyingine.

Kuhusu Wanyama Wenyewe

Si haki kusimulia mafunzo haya bila kutaja gharama yake. Kima wa Madison waliteseka, na wengine walikufa. Wataalamu wengi leo huona ya kuwa majaribio kama yale ya kufungia yalipita mpaka. Ni ajabu ya kuwa kazi hiyo yenyewe ndiyo iliyoonyesha jinsi kima alivyo na huzuni na upendo, na hivyo ikaongeza sababu za kuikataa. Sheria ya kuwalinda wanyama wa majaribio ilipitishwa Marekani mwaka 1966, nayo imekazwa tangu hapo. Mwaka 2015 ilitangazwa ya kuwa majaribio ya kima katika maabara ya Suomi huko Maryland yangesimamishwa.

Yampasayo Mzazi

Basi mzazi, wa mjini au wa shamba, aweza kuchukua mambo machache yaliyo wazi. Kumpakata mtoto mchanga alipo na hofu si kumdekeza. Ni kumpa nguvu ya kutoka baadaye. Mama akiwa kazini, mtoto ahitaji mlezi mmoja amjuaye, si kubadilishiwa mlezi kila mwezi. Mtoto akilazwa hospitalini, yafaa mzazi au jamaa akae karibu naye kadiri iwezekanavyo. Mtoto akipata umri wa kutambaa na kukimbia, asifungiwe nyumbani kwa kuogopa vumbi. Apate wenzake wa kucheza nao kila siku, na mtu mzima awe karibu, si katikati yao.

Na mtoto aliyekwisha kupata mashaka, yatima au aliyetupwa, asihesabiwe kuwa amepotea. Walio karibu naye wasianze na fimbo wala na maswali mengi. Mtoto mpole wa jirani, aliye mdogo kwake kidogo, akiletwa kucheza naye kila jioni, aweza kufanya kazi ambayo wakubwa wengi wameshindwa kuifanya.